Jagi Lililobaki Limejaa

"Mama, leo usimwage maji. Nakuomba."

Rahaf alikuwa ameshavaa begi mgongoni na kumshika mkono binti yake, Sidra. Bi Nazire alikuwa ameshasimama kizingitini na jagi la bati limejaa hadi mdomoni.

"Nisimwage? Msafiri atoke kwangu hivihivi, kama aliyefukuzwa?"

"Umemwaga mara mbili, Mama. Na mara mbili tumerudishwa."

Bi Nazire akalitazama jagi. Ilikuwa kweli tupu. Mwezi wa sita alisimama papo hapo akamwaga maji nyuma yao, kama mama yake alivyomfundisha, kama wanawake wote wa Ayvalık, mji wao wa pwani ya Uturuki, wanavyomfanyia mtu anayesafiri: nenda kama maji, urudi kama maji. Kesho yake asubuhi wakarudi wamelowa chapachapa, boti ya doria imewageuza kabla hawajakifikia kisiwa cha Wagiriki. Mwezi wa nane ikawa vilevile. Na yeye, mtu mzima na mvi zake, hakujiuliza hata siku moja yale maneno ya mwisho yanamtakia nini mtu asiyetaka kurudi. Lahaula!

Kulikuwa na jingine, na hilo hakumwambia mtu. Mara zote mbili, alipowaona wanapandisha mtaa wanatetemeka, alifurahi. Aliwawashia jiko, akawapikia supu ya dengu, akawakaripia kwa viatu vyao vilivyojaa mchanga, na moyoni alifurahi kuliko sikukuu. Miaka minne Rahaf, mkimbizi, alikuwa mpangaji wake wa chumba cha chini. Sidra alijifunza kutembea kwa kushikilia mapipa yake ya zeituni.

"Safari hii nitamwona Baba, Bibi," Sidra alisema. "Yuko Ujerumani ananisubiri."

"Utamwona, roho yangu. Haya, nendeni, gari halingoji."

Wakashuka kuelekea kwenye duka la mikate, ambako gari lilikuwa limesimama. Bi Nazire akaliziba jagi mdomo kwa kiganja, lisidondoshe hata tone. Alibaki hivyo mpaka gari likaondoka. Kisha akaliweka jagi rafuni, karibu na mlango.

Hapo ndipo wazimu ulipomwanza.

Alikuwa na mapipa matatu ya zeituni mbichi za kuuza gulio la Alhamisi. Alikuwa amezigonga moja moja kwa jiwe, wiki nzima, mpaka vidole vikawa vyeusi, na sasa zilikuwa zimelowekwa majini zitoke uchungu. Zeituni za namna hiyo zataka kubadilishiwa maji kila asubuhi. Usipobadilisha, zinaharibika zote. Asubuhi ile ya kwanza aliburuta pipa hadi mlangoni, tayari kuliinamisha kwenye mfereji wa mtaa, akasita. Maji ni maji, akajiambia. Yakimwagwa mlangoni, nani atayaeleza kwamba si ya kuwaombea wale warudi? Akalirudisha pipa ndani.

Maji ya kunawa akayatia kwenye ndoo. Ya vyombo akayaacha kwenye beseni. Akawa anatembea humo ndani kwa kunyata, akipanda hadi dirisha la juu kukitazama kisiwa, akishuka kuitazama simu, akipanda tena. Siku ya pili upepo wa kusini ukavuma, madirisha yakagonga.

Jirani yake, Fitnat, akaingia bila hodi kama kawaida yake.

"Shoga, kwani umekatiwa bomba? Mabeseni hadi chini ya kitanda! Na hizo zeituni nimezisikia harufu toka kwangu."

"Ziache."

"Niziache? Alhamisi utauza nini, uvundo?"

"Hayamwagwi maji hapa mpaka Rahaf apige simu."

Fitnat alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaliona jagi rafuni, nalo limejaa, na kicheko kikamkauka.

"Na asipopiga je?"

Bi Nazire akamsogezea glasi ya chai. Fitnat akaketi akainywa. Alipomaliza chai yake aliinuka kwenda kusuuza glasi, akakumbuka, akairudisha mezani na masalia yake.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, Fitnat akiwa amerudi kukaa naye, simu ikalia. Namba ndefu, ya kigeni.

"Mama?" Upepo ulikuwa unakwaruza sauti ya Rahaf. "Tumefika. Tuko nchi kavu, Mama, sote wawili."

Bi Nazire akakaa chini sakafuni na kulia kwa sauti. Kisha akasikia pumzi ndogo kwenye simu.

"Bibi, ulimwaga?"

"Sikumwaga, roho yangu."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Basi haturudi tena!" Sidra alipiga kelele, kwa furaha ya mtoto aliyeshinda mchezo.

"Ndiyo," Bi Nazire alisema. "Hamrudi tena."

Simu ilipokatika, yeye na Fitnat waliburuta mapipa hadi mlangoni, wakayainamisha moja baada ya jingine. Maji mazito, meusi, yakateremka na mtaa pamoja na zeituni zilizooza, na Fitnat akawa anaziomboleza kama anamzika ndugu. Wakamwaga ndoo. Wakamwaga mabeseni. Mwisho Fitnat akanyoosha mkono rafuni.

"Na hili?"

"Hilo nipe mimi."

Bi Nazire alilipokea kwa mikono miwili, akasimama kizingitini akiutazama mtaa, akanywa. Yalikuwa ya uvuguvugu, yenye ladha ya bati na vumbi. Alikunywa bila kupumzika, mpaka jagi likawa jepesi. Tone moja likamponyoka likateleza kidevuni, naye akaliwahi kwa kiganja kabla halijadondoka chini.