Kanuni ya Abbott

"Kanuni ya Abbott," Thad Abbott aliandika juu kabisa ya ubao, akapiga mstari chini yake. Vumbi la chaki likamwagikia viatu vyake.

Winona Zeigler, kiti cha mbele, alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Chuo kilikuwa kinamuaga siku hiyo akistaafu, na Thad ndiye aliyealikwa kutoa mhadhara wa heshima.

Kazi yao wawili ilikuwa kuchunguza maumbo yasiyochoreka, na kuyatambua kwa kuhesabu matundu yake. Kanuni hiyo Winona aliipata majira ya baridi ambayo mumewe, Emmett, alilala akingoja kufa. Alimgeuza, akamlisha supu, akasali naye, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Thad alikuja na keki mkononi, akakagua alama za kujumlisha na kutoa. Basi. Makala ilipochapishwa, majina yalifuata alfabeti, ndiyo desturi ya wanahisabati: Abbott mwanzo, Zeigler mwisho. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake hapo. Ila watu wana haraka. Jina la pili likaanza kudondoka, na Thad hakuinama kuliokota.

"Winona naye alinisaidia sana, jamani," Thad alimalizia. "Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Winona hakuinua uso. Alinisaidia!

Marisol, mwanafunzi wake wa mwisho, akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa Abbott. Huo mshale wa tatu kwenye mchoro wako. Tunajuaje kwamba njia zote mbili zinafika mahali pamoja?"

"Swali zuri hilo." Thad akachora mshale, akaufuta kwa kiganja. Akachora mwingine. Kisha akafanya alivyozoea kufanya kila mkutano: akageuka kumtazama Winona. Na kila mkutano Winona alimjibia kutoka kitini, kwa upole, kama mke anayemnong'oneza mumewe jina la mgeni.

Leo akanywa kahawa.

"Hebu tuokoe, mama," Thad alisema, akijichekesha.

"Mimi? Si nilikusaidia tu? Aulizwe mwenye kanuni."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza alipojikuta peke yake.

"Winona, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Mbele za watu ndipo ulipoichukua."

Marisol alikuwa amewiva uso. "Profesa, naweza kuliacha swali langu..."

"Usiliache, mwanangu. Swali hilo nililala nalo Emmett akikoroma roho ikimtoka. Mungu aliniona. Na huyu aliniona."

Thad akashuka jukwaani taratibu, akamnyooshea chaki.

Winona aliitazama. Akatazama ubao, kule juu.

"Futa kwanza," alisema.

Kifutio kilikuwa nyuma yake, kwenye ukingo wa ubao. Thad alibaki amesimama, mkono umenyooka, chaki ikilainika kwa jasho la vidole vyake.