Mahali Palipokuwa na Meza

Meza yetu haikuvunjwa na mtu. Ilikuwa alasiri ya jua la uvivu, mimi nimekaa sebuleni nachambua maharage, mkwe wangu amejilaza chumbani baada ya zamu yake ya hospitali, mara nikasikia mlio mdogo kama wa mtu anayeguna usingizini. Kuinua macho, meza inapiga magoti. Taratibu, bila haraka, mguu wa mbele kwanza, kisha mwenzake, kama ngamia anayetaka kushushiwa mzigo, mpaka ikalaza uso wake sakafuni ikanyamaza. Mchwa walikuwa wameila miguu kwa ndani wakatuachia ganda na rangi.

Meza ile tuliinunua mimi na marehemu mume wangu kabla hatujawa na kitanda. Tuliona heri kulala chini mwaka mzima, tupate kitu kimoja kizima, kuliko kurundika vibovu. Ndivyo tulivyoijaza nyumba hii, kimoja kimoja, na vyote bado vipo. Sufuria langu la chuma, kwa mfano, likidondoka unaihurumia sakafu.

Na kitu kikitufia, hatukimbilii dukani. Tunaliacha pengo likae. Tunaishi nalo, tunalitazama asubuhi na jioni, mpaka lenyewe liseme linataka nini. Redio ilipokufa, pengo lake lilikaa kimya, tukaanza kusikia mvua ikitembea juu ya bati kutoka upande mmoja kwenda mwingine, basi redio nyingine hatukununua tena. Pasi ilipokufa, pengo lake lilipiga kelele siku ya pili tu, tukaenda kutafuta nzito.

Pengo la meza lilikuwa la ajabu kuliko yote. Tuliiondoa mizoga ya miguu, ubao wa juu ukawa rafu ya jikoni, pakabaki sakafu tupu yenye weupe wa pembe nne, maana jua halikuwa limewahi kufika pale. Mchana mwanga wa dirishani ulikuja kulala juu ya weupe ule kama maji ndani ya beseni. Wala hatukupakanyaga. Hakuna aliyekataza. Miguu yenyewe ilizunguka. Ukitoka jikoni kwenda mlangoni, unakata kona pale ilipokuwa kona, na nyonga inajikunja isigongwe na kitu ambacho hakipo.

Asubuhi moja nilimimina chai yangu, nikageuka, nikaiweka mezani. Kikombe kikaenda moja kwa moja chini.

"Mama," mkwe wangu akasema, mkono mdomoni, "umeitua chai juu ya hewa."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mkwe wangu huyu ni mke wa mwanangu wa pekee. Mwanangu ni dereva wa lori la masafa, akiondoka ameondoka, kwa hiyo nyumba inabaki yetu wawili, na kwa kucheka tulikuwa hatujambo. Lakini alipojifuta machozi akauliza, "Sasa mama, meza tunanunua lini?"

"Subiri mwanangu. Pengo bado halijasema."

Akauliza tena wiki iliyofuata, nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hakuuliza. Akawa anakula amesimama, sahani mkononi, anatazama nje. Mimi nikadhani amezoea.

Ndipo mama yake akaja kututembelea. Mama yake ana duka la vyombo vya plastiki, mwanamke wa vicheko, kila akiongea bangili zinaitikia. Alituona tunapita na sahani tukikata kona katikati ya sebule, akasimama.

"Mkwe, kuna shimo hapo?"

"Hapana, kuna meza," nikasema. "Yaani ilikuwapo."

"Makubwa! Na mimi mgeni nizunguke?"

"Ukipenda."

"Sipendi!" akasema, lakini kabla chakula hakijaisha nilimwona naye anazunguka, tena ameinua gauni kidogo lisikwaruzwe na kona. Nikameza kicheko pamoja na tonge.

Alikuwa amekuja na zawadi, na baada ya kula akaenda kuileta. Meza ya plastiki ya kukunja, nyeupe, nyepesi kama mkate. Akaifungua pale pale katikati ya pengo, pa!

"Haya, raha jipeni wenyewe. Na ikivunjika, niambieni nilete nyingine."

"Ikivunjika!" nikasema. "Mkwe, umeshaizika nayo haijalala hata usiku mmoja?"

"Kwetu kikombe kikifika mwaka wa pili tunakipigia makofi," akanijibu, na sote tukacheka, ila mkwe wangu. Yeye alikuwa anatutazama kwa zamu kama mtu anayesubiri kuvuka barabara.

Asubuhi niliamka wa kwanza. Meza ile ilikuwa inatetemeka kwa upepo wa dirishani, peke yake, haijaguswa. Sikuweza. Nikaikunja polepole nisiwaamshe watu, nikaiegemeza ukutani nyuma ya kabati. Mwanga ukarudi kulala mahali pake, na moyo wangu ukatulia.

Mama yake alipotoka chumbani aliona ukuta, akaona sakafu, akanitazama. Alimwambia binti yake, kwa sauti laini kabisa, "Mwanangu, umekonda. Twende nyumbani ukapumzike kidogo."

Kidogo ya mama anayemchukua binti yake, sisi wanawake tunaujua urefu wake. Nikamsikia mkwe wangu anashusha begi kutoka juu ya kabati. Nikasikia zipu. Halafu akatoka, begi begani, akasimama ng'ambo ya pengo, mimi niko huku, na kati yetu ile sakafu inang'aa.

"Unaondoka kwa sababu ya meza?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali, kama inatoka chumba cha pili.

"Mimi siitaki meza ya mama."

"Heh!" mama yake akaruka. "Nimeibeba juani!"

"Ahsante mama, lakini siitaki. Na wewe mama," akanigeukia, "pengo lako silitaki. Tangu niingie humu sijachagua hata kijiko. Kitanda nimekikuta, sufuria nimelikuta, mapazia nimeyakuta, na yote mazuri, hayachakai! Nimengoja kitu kimoja kichakae, mama. Kimoja tu. Meza ilipoanguka mimi nilikuwa macho kule chumbani, nikasikia, nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema sasa zamu yangu. Kumbe hata pengo lina mwenyewe."

Mimi nilitaka kumjibu, nikaona jibu langu ni kwenda pale alipo. Nikainua mguu, na kwa mara ya kwanza nikaupitisha ndani ya meza. Nilikuwa nimejikaza nikingoja kugongwa nyonga. Sikugongwa na kitu. Jua lilikuwa vuguvugu kwenye nyayo, nikatembea ndani yake hatua kwa hatua kama mtu anayevuka kijito asichokijua kina chake, nikafika katikati nikasimama.

"Njoo," nikamwambia.

Akavua begi akaingia.

"Hapa pakae nini? Sema wewe. Mimi leo sina mdomo."

Akanyoosha mikono pande zote mbili, akazunguka nayo polepole, macho amefumba. "Duara," akasema. "Isiyo na mbele wala nyuma."

Meza ya zamani ilikuwa na mbele, na mbele nilikuwa nakaa mimi. Nikasema tu, "Ya mbao gani?"

"Ngumu. Ya kumchosha mjukuu wako."

"Tutangoja sana. Kitu cha hivyo hakinunuliwi papo hapo."

"Kungoja najua, mama. Umenifundisha."

Mama yake akapiga makofi. "Basi mimi na plastiki yangu tunarudi dukani! Wote wawili mna wazimu, tena mmoja." Jioni alipanda gari na begi moja, lake, na meza akaifungia juu. Binti yake alimpungia mkono mpaka kona.

Kesho yake tulikwenda kwa seremala, mkwe wangu akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, akanusa, akakataa, akanusa tena. Mimi nilikaa kwenye benchi nimefunga mdomo wangu kama mtungi. Aliyoichagua haikuwa ile ningechagua mimi. Nyekundu mno. Seremala akasema ni mbichi, lazima ikae ghalani ikauke mpaka mvua zipite.

Usiku ule alichora duara kwa chaki pale sakafuni, pana, likafunika weupe wote na kuuzidi. Tukaleta sahani zetu.

"Chagua pako, mama."

Nikazunguka nikakaa upande wa dirisha, kwenye upepo.

"Hapo pangu," akasema.

Nikasogea.