Mwalimu wa Mbuvi

Mbuvi alikuwa mbeba mizigo katika stesheni ya Voi, na mwaka ule wa 1955 aliapa lazima apate kazi ya kushika ishara za treni. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: kusoma kitabu cha kanuni kwa Kiingereza mbele ya mkaguzi kutoka Mombasa. Maneno mengine yalikuwa marefu mno, ukifika mwisho umeshasahau mwanzo.

Aliyemfundisha ni mkewe, Syokau, msomi wa misheni. Kila Jumapili baada ya kanisa aliandika neno kwenye karatasi ya unga, akalikata vipande.

"Baba Wayua, mbuzi si unamkata kwenye viungo? Neno nalo lina viungo. 'Un' inakataa. 'Avoid' ni kuepuka. 'Able' ni kuwezekana. Haya, unganisha."

"Isiyoepukika," Mbuvi akajibu, jicho moja dirishani asije jirani akamwona. Mwanamume na ndevu zake kufunzwa na mke! Aliona aibu kweli kweli.

Jumamosi ya mtihani ikafika. Wenzake sita walisoma kwanza, wakashindwa, wakakaa benchi kumsikiliza. Mkaguzi akamwonyesha neno ambalo hakuwahi kuliona: "unserviceable." Akalifunika kwa kidole gumba, akaacha "un". Akasogeza kidole, "service". Akasogeza tena, "able". Akalisoma lote na kulieleza: kitu kisichoweza kutumika.

Mkaguzi akavua miwani. "Nani alikufundisha hivyo?"

Mbuvi alihisi macho ya wenzake mgongoni. "Nilijifundisha mwenyewe, bwana."

"Vizuri! Umepita. Basi kuanzia Jumatatu utawafundisha hawa sita. Mwisho wa mwezi nitakuja kuwasikiliza. Nisipoona mabadiliko, kazi nitampa mwingine."

Yeye kufundisha? Angeanzia wapi?

Nyumbani, Syokau alikuwa ameshasikia kuwa amepita, akampokea kwa vigelegele. Mbuvi akamweleza yote, hata lile la kujifundisha mwenyewe, maana hakuwa na njia ya kulikwepa. Vigelegele vikakatika.

"Mama Wayua, nisaidie. Nitawaambia nini?"

Syokau alimtazama, uchungu umemjaa machoni.

"Waite waje hapa," akasema. "Nitawafundisha mimi, na wewe utaketi nao chini."

Mbuvi akatoka. Nyumba ya mwenzake wa kwanza aliipita mara mbili kabla ya kupiga hodi.