Watoto Walioacha Kukua

Asubuhi moja mwaka wa 1996, Naisenya alikuwa akimimina uji nje ya nyumba yake, karibu na machimbo ya mawe ya Kitengela. Elizabeth, aliyetoka Nairobi kutafiti maisha ya watoto na familia za hapo, alikuwa amemshikia sufuria. Tangu mvua ianze alikuwa akilala kwa Naisenya, kitanda kimoja na watoto.

“Nikipeleka habari zenu, serikali itajenga nasari ya watoto wadogo hapa,” alisema. “Uko na watoto wangapi, dada?”

“Wako,” Naisenya alijibu. Kwao watoto hawahesabiwi, wala ng’ombe, maana kuhesabu huleta mkosi. “Niulize wanakula nini, wanaugua nini, nitakwambia yote. Lakini usiwahesabu.”

“Nile kwako halafu nikufanyie hivyo? Siwezi.”

Naisenya alipoinama kupuliza moto, Elizabeth alihesabu vikombe vya watoto.

Kuanzia siku hiyo watoto hawakukua. Viatu vya Naisula, kitinda mimba, vilimtosha mwaka huo na miaka iliyofuata. Alijifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia nyama, akaanza kuwacheka wavulana wa rika lake, lakini bado alibebwa mgongoni kwa sababu miguu yake ilichoka upesi. Majirani waliwaletea nguo zilizowabana watoto wao. Naisenya alipompeleka Naisula shule ya msingi, mwalimu mkuu alisema hana kiti kifupi hivyo, aanzie nasari. Nasari haikuwepo.

Mwaka wa 2005 Elizabeth alirudi, sasa akiwa mkubwa wa ofisi. Naisenya alimpa chai, yeye akabaki amesimama na Naisula mgongoni.

“Uliwahesabu,” Naisenya alisema.

“Ripoti bila nambari hakuna anayeisoma, dada.”

“Na nasari?”

“Tuliijenga kule Nkoroi. Watoto wa huko wangepita umri wa nasari. Hawa wako hawapiti, wanaweza kungoja.”

Naisula alichungulia juu ya bega la mamake. “Sawa, Anti, sisi tutangoja. Na huyu anayenibeba? Yeye anazeeka, ama hiyo hamkuandika?”

Elizabeth alitazama mgongo wa Naisenya ulivyopinda.

“Huo ni utafiti mwingine,” alisema, akamaliza chai.

Naisenya alikaza leso iliyomshika Naisula, akachukua mtungi na kwenda bombani, maana maji hufungwa mapema.