Wageni wa Juu Msibani kwa Bupe

"Kamera hizo acheni garini," Demetria alisema, mikono kiunoni. "Hapa msibani."

Wale wageni watatu kutoka sayari nyingine wakainamisha vichwa vyao virefu, wakatii. Sie wa Bunju tulishawazoea tangu chombo chao kianze kutua kule bondeni. Tuliwauzia madafu, tukawasuka hata nywele zisizosukika. Na aliyekuwa akiwatembeza mitaani ni Demetria, ambaye kwa kazi hiyo hana mpinzani, mtake msitake.

Ila leo bosi wake, Rogers, alivuka mpaka. Wageni kwao hawana machozi, wakaomba kuyaona. Na Bupe, jirani yake Demetria, alifiwa na mumewe juzi.

"Wapeleke wakamwone analia," Rogers aliagiza. "Ukikataa, kesho usije kazini."

Jamani! Mtu yuko kwenye uchungu wake, wewe unamfanya sinema? Demetria ana watoto watatu na baba yao hayupo. Hakukataa. Lakini aliapa kwamba kama ni msibani, wataingia kama watu wanavyoingia msibani.

Akawafunga kanga mmoja mmoja. Akawapitisha uani kwa akina mama wanaopika, akawakalisha mkekani, akawawekea sinia la mchele.

"Chagueni. Mawe mnatoa, hivi."

"Da Demetria, kwa vidole hivyo si watamaliza gunia?" alitania Herieth, aliyekuwa akimenya vitunguu. Tukacheka kwa sauti ya chini.

Simu ikaita. "Vipi, analia?" Rogers aliuliza.

"Wageni wako wanafanya kazi, bosi. Na mie nafanya yangu." Akakata.

Ndipo Bupe akatoka ndani. Tangu mumewe afe hakuwa ametoa hata chozi moja, na tulikuwa tunamwogopea. Akawatazama wale viumbe wamefungwa kanga, wameinamia mchele.

"Hao nani?"

"Wamekuja kukupa pole," alisema Demetria.

"Wamepewa chai?"

"Bado."

"Wapeni chai, jamani. Wametoka mbali."

Akaketi kati yao, akavuta sinia karibu, akatoa jiwe moja, la pili. Kisha kilio kikamtoka, kilio cha mwili mzima.

Mgeni mmoja alijisogeza kumwachia nafasi. Hakuna aliyeinua kichwa kumtazama. Vidole vyao virefu viliendelea kutafuta mawe.