Mwosha Maiti Aliyekwenda Mizabibuni

Ghanima binti Himid hakuwa mtu wa kuapa. Katika mji wake wa Ibra, Oman, kila mtu huapa: wallahi nyanya hizi za leo, wallahi nimekupigia simu hukupokea, wallahi sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na huku sahani ya halua iko mbele yake imebaki nusu. Yeye hapana. Kabla hawajarudi Oman, baba yake alikuwa na duka la vitambaa Bujumbura, na aliwafundisha wanawe kwamba muuzaji akianza kumtaja Mungu juu ya kitambaa, mteja akifunue kitambaa chote akitazame vizuri.

Mchana alikuwa karani katika ofisi ya serikali, lakini si ukarani uliomfanya ajulikane. Alikuwa mwosha maiti. Akifa mwanamke mtaani, kabla watu hawajamaliza kulia, mtu hutumwa kwa Ghanima. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake. Hailipwi wala haiombwi. Watu wakikuamini wanakuita, na siku wasipokuita umeshajua ulivyo machoni mwao. Jirani yake, Bi Khole, bibi wa Kizanzibari ambaye sasa hakuwa akiondoka kitandani, alikwisha kuacha wasia mbele ya binti yake Fawziya: "Nikifa anioshe Ghanima. Asiniguse mwengine."

Sasa tazama jinsi mwanamke huyu alivyojitia matatani, na alivyokataa kutoka matatani kwa njia nyepesi.

Mwaka 2004, mwezi wa tisa, alichukua likizo akaenda Ufaransa kumtazama mwanawe Wadhah aliyekuwa akisomea uhandisi mji wa Dijon. Wadhah alitoka asubuhi kwenda chuoni na kurudi jioni, na Ghanima akabaki katika chumba kidogo akitazamana na birika la umeme. Siku ya nne akachoka. Karibu na stesheni ya treni aliona tangazo la safari ya siku moja: gari dogo, mwongozaji, vijiji vya mizabibu, chakula cha mchana, na kuingia katika ghala la mvinyo. Akaingia ofisini kwao akakata tiketi.

"Ummi, hiyo ni safari ya mvinyo," Wadhah alisema usiku ule, uso umemshuka.

"Nimesoma. Kifaransa nimekijua kabla hujazaliwa."

"Watu watasemaje?"

"Watu gani? Watu wako Ibra. Hapa nakuona wewe tu, na wewe nilikuzaa mwenyewe."

Alikuwa na sababu yake. Huko Bujumbura alisoma kwa masista wa Kikatoliki, nao walimkaririsha mito na vilima vya Ufaransa kabla hajajua jina la mto uliopita nyuma ya nyumba yao. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mizabibu iliyopangwa safu kwa safu mpaka juu ya kilima, majani yamegeuka manjano, na sista mmoja mwembamba alikuwa akiwachapa vidole wasioweza kuvitaja vijiji vyake kwa mpangilio. Vidole vya Ghanima vilichapwa sana. Alitaka kuvitia vijiji hivyo machoni, aone kama vilistahili.

Mwongozaji aliitwa Mireille, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kukwaruza, naye ndiye aliyeendesha. Garini walikuwemo mke na mume wazee kutoka Kanada, vijana wawili wa Kijapani waliooana karibuni, na Ghanima na buibui lake jeusi. Mzee wa Kikanada alilitazama buibui, akatazama tangazo la safari mkononi mwake, kisha akatazama nje. Ghanima akamwambia kwa Kifaransa safi, "Mimi pia nimelipa," na mke wa yule mzee akacheka mpaka akajifuta macho.

Walipotoka mjini, vilima vikaanza, na mizabibu ikaanza, na kila kijiji kilipochungulia Ghanima alikuwa keshakitaja. Gevrey. Vougeot. Vosne. Nuits. Mireille akageuka.

"Madame amewahi kufika huku?"

"Sijawahi. Nilichapwa."

Ilimbidi aeleze, na alipokwisha kueleza Mireille hakucheka. Alisimamisha gari kando ya ukuta wa mawe, akasema, "Basi shuka uvikanyage." Ghanima akashuka akavikanyaga. Ulikuwa msimu wa mavuno, na watu walikuwa wameinama katikati ya safu wakikata vichala kwa mikasi. Msichana mmoja akamnyoshea kichala. Ghanima akapiga bismillahi akala. Zabibu zilikuwa ndogo, nyeusi, ganda nene, na utamu wake ulikaa kooni. Akatafuta mfereji wa maji kwa macho, hakuuona, akauliza. Mireille akamwambia kwamba huko mizabibu hainyweshwi. Sheria yenyewe inakataza, hungoja mvua ya Mungu. Ghanima alisimama pale akishangaa. Kwao Ibra ndugu wa tumbo moja wamenuniana mpaka wazee kwa ajili ya zamu ya maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, na hapa kuna kilima kizima cha mali na hapana hata mtu wa kumgombania zamu. Alihisi kama amefunguliwa dirisha. Hakujuta hata chembe kuja.

Mchana wakateremka ghalani, chini ya nyumba ya familia moja, ukumbi wa mawe wenye baridi na mapipa yamelala pembeni. Mwenye nyumba akawamiminia wageni mvinyo kidogo kidogo, na hapo Ghanima akapotea kabisa.

Kwa desturi ya Oman, mgeni anayemiminiwa kahawa hasemi basi kwa mdomo. Akitosheka, hukitikisa kifinjani kwa kiganja, na mwenye kumimina anaelewa. Asipokitikisa ataongezwa mpaka alfajiri. Sasa Ghanima akamwona Mkanada ameshika glasi na kuitikisa. Mkewe naye akaitikisa. Vijana wa Kijapani wakaitikisa, tena kwa adabu kubwa. Mwenye nyumba kasimama na chupa yake, amekataliwa na ukumbi mzima! Ghanima akamwonea huruma ya kweli. Alikuwa anajiandaa kusema neno la kumliwaza, mara wote wakainua glasi wakanywa, wakasukutua, na Mkanada akainama juu ya ndoo akatema.

"Haram!" ilimtoka kwa sauti. Na haram aliyoikusudia si ya mvinyo. Ni ya kukirimiwa na mtu nyumbani kwake, ukatema mbele yake.

Mama mzee wa nyumba ile, aliyekuwa ameketi pembeni na shali mabegani, alikuwa akimwangalia. Akaondoka, akarudi na glasi ya maji ya zabibu mazito, mekundu. Ghanima akamwuliza yamekamuliwa lini. "Asubuhi hii. Bado hayajajua kitu," mzee akajibu. Ghanima akanywa. Yule mzee akaja na jagi amwongeze, na Ghanima, bila kufikiri, akaitikisa glasi kwa kiganja kama alivyofanya maisha yake yote. Hapohapo bibi wa Kikanada akampiga picha.

Picha ile ilimfikia Wadhah kwa barua pepe, kwa anwani ambayo Ghanima alimpa yule bibi. Wadhah, kijana wa kuunda mashine na akili za mbuzi, akaiona nzuri, akampelekea binamu yake Khulood aliyekuwa chuoni Nizwa. Khulood akawaonyesha wenzake. Picha ikatembea kutoka Nizwa, ikapita Izki, ikaingia Ibra, na Ghanima aliposhuka na sanduku lake ilikuwa imeshapiga hodi nyumba zote: Ghanima na buibui lake, kati ya mapipa, glasi nyekundu mkononi, anaizungusha kama mzoefu.

Jumatano akaenda soko la wanawake. Pale hakuna mwanamume anayeingia, na kwa hiyo hakuna neno linalobaki tumboni. Lakini siku ile kila alipofika paliingia kimya. Aliyekivunja ni Fawziya, binti Bi Khole, mwanamke wa makamo, mcha Mungu, mkali, na tangu mama yake alale kitandani ukali ulikuwa umezidi.

"Ghanima, ati ulikwenda kwa watu wa mvinyo?"

"Nilikwenda."

"Ukanywa?"

"Nilikunywa maji ya zabibu yaliyokamuliwa siku ileile. Mvinyo sikunywa."

"Haya, apa wallahi, yakhe, tumalize. Watu wanasema."

Wanawake wakasogea. Neno moja tu lilitakiwa, neno ambalo pale sokoni lilikuwa limeshasemwa mara mia tangu asubuhi juu ya vitunguu. Ghanima akaona uso baada ya uso unamngoja, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Nimeshakwambia sikunywa. Siapi."

"Kwani kuna nini?"

"Kuna kwamba nimeshakwambia."

Akanunua ubani wake akaenda zake. Wiki zilizofuata wakafa wanawake wawili mtaani. Kilio cha mmoja alikisikia kutoka uani kwake, akavaa, akakaa kitako kungoja mtu aje kumwita. Hakuja mtu. Aliona gari linamleta mwosha mwengine kutoka mbali. Ilimuuma. Ilimuuma kuliko kifo chenyewe, na aliona haya kwamba ilimuuma hivyo. Wadhah alimpigia simu akalia, akamwomba aape yaishe. Akamwambia mwanawe asome.

Bi Khole pekee ndiye aliyetuma kumwita, si kwa kufa, kwa mazungumzo. Picha ilikuwa juu ya mto wake; alikwisha kumnyang'anya Fawziya.

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Usinambie kwa Kiswahili chenu cha bara, kitanichosha, sema polepole. Zabibu zilikuwa tamu?"

"Tamu, bibi. Ganda gumu."

"Na huyu aliyekuwa anakumiminia, kizee kama miye?"

"Kama wewe. Ana shali."

Bi Khole akaisogeza picha karibu na jicho lake moja linaloona. "Masikini, na mkono ushamwambia basi," akasema, akacheka kicheko kilichogeuka kikohozi. Hakumwuliza kama alikunywa. Aliuliza habari za mapipa, za baridi ya ghala, za mke wa Mkanada, mpaka usingizi ukamchukua. Ghanima alitoka mle chumbani, akampita Fawziya, akaenda zake.

Bi Khole akafa siku ya Alhamisi, asubuhi. Ghanima alisikia kilio kupitia ukuta. Alingoja kwa muda ambao mtu mstaarabu angengoja, na alipoona hakuna anayetumwa akachukua mfuko wake wenye kafuri na majani ya mkunazi yaliyopondwa, akavuka ua, akaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake. Mbele ya mlango wa chumba cha kuoshea alisimama Fawziya, macho mekundu, msahafu umefungwa katika kitambaa cha kijani kifuani pake.

"Nimemwita mwosha kutoka Sur," alisema. "Yuko njiani, keshapita Al Kamil."

"Mwambie arejee. Mama yako alisema mimi."

"Najua alivyosema." Fawziya akaukaza msahafu kifuani. "Huyu ni mama yangu, Ghanima. Siwezi kumtia mikononi mwa mtu nisiyemjua mikono yake imegusa nini. Weka mkono hapa. Useme tu. Neno moja, upite, nami nitakubusu kichwa mbele ya watu wote hawa."

Hakuwa anamkebehi, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Msahafu ulikuwa hapo, na mkono wa Ghanima ulikuwa safi. Kweli aliyokuwa nayo ilikuwa kweli. Angeapa, angeingia, na kesho angeitwa kwenye kila maiti kama zamani. Na keshokutwa wangemwapisha kwa safari nyengine, na kwa mgeni aliyeonekana mlangoni kwake, na mwisho kwa kila anapopumua.

"Siapi," alisema.

Wanawake wakanong'ona. Ghanima akawageukia.

"Nyinyi nyote nawajua. Nimewaosha mama zenu. Nimewaosha dada zenu, na mmoja wenu hapa nimemwosha binti yake. Nimeona walichokuwa wakikificha na nguo miaka yote. Nimeona alama za mikanda. Nimeona makovu ambayo hata waume zao hawakuyajua. Nani amewahi kusikia neno kutoka kwangu? Haya, aseme! Na nani aliniapisha siku ile, kabla hajaniachia mlango? Mliniamini kwa hayo yote bila kiapo, na leo kwa glasi moja ya zabibu mnaniletea msahafu. Siapi. Wala leo, wala nikiulizwa na yeyote."

Mmoja aliyekuwa karibu na dirisha alijifunika uso kwa ushungi. Kutoka nje zilisikika sauti za wanaume wakitayarisha jeneza.

Fawziya aliutazama msahafu, akautazama mlango. Kisha akasogea upande. Hakusema karibu. Ghanima akapita, akakunja mikono ya nguo, akamfunika Bi Khole kwa shuka kama inavyotakiwa, akayatia majani ya mkunazi katika ndoo ya maji na kuyakoroga. Kazi hii ina haja ya mtu wa pili, wa kumimina. Fawziya aliingia nyuma yake, akafunga mlango, akalichukua kopo.

Wakabaki wawili na maiti. Fawziya aliinamisha kichwa karibu na sikio la Ghanima.

"Niambie miye basi. Miye peke yangu. Hatusikii mtu. Ulikunywa?"

Ghanima alikuwa ameshika kichwa cha Bi Khole kwenye kiganja, nywele nyeupe zimemwagika katikati ya vidole.

"Mimina maji," alisema.

Fawziya akamimina.