Kasha Chini ya Kamera

"Kaa hapa, mzee," msichana mwenye redio ya mkononi alimwambia Wilf Ogden, akimwonyesha kasha la mbao lililowekwa chini ya kamera. "Ukiinama kidogo hutaonekana kabisa."

Wilf alilitazama kasha, akamtazama na msichana. Alikuwa amevaa suti yake ya jukwaani, ile ya kijivu, na tai ya kipepeo aliyoifunga mwenyewe mbele ya kioo cha hoteli. Tangu asubuhi watu wa mavazi walikuwa wakimpita kama kiti. Hakuna aliyempima, hakuna aliyempaka poda, naye alijipa moyo kwamba zamu yake haijafika.

"Hapa ndipo pa kungojea?" aliuliza.

"Hapa ndipo pa kazi. Utamsomea Denny maneno ya ofisa wa forodha. Mwigizaji wetu anayemcheza ofisa akishamaliza picha zake hakai kumsomea mtu. Anaondoka na gari lake."

Wilf alikaa. Angefanya nini? Tiketi ya ndege walikuwa wamemlipia wao.

Kwa karibu miaka ishirini Uingereza nzima ilikaa sebuleni Jumamosi jioni kuwatazama Ogden na Platt kwenye televisheni. Denny Platt ndiye aliyechekesha. Wilf alisimama kando yake kama nguzo, akauliza swali, akangoja jibu, akakasirika. Watu wakirudi kazini Jumatatu walisimuliana ya Denny tu. Lakini Denny alijua, na Wilf alijua, kwamba mtu hachekeshi mbele ya ukuta mtupu. Kisha Hollywood ikamwita Denny, tena peke yake, na wakubwa wa televisheni wakagundua kwamba nguzo bila nyumba ni gogo tu. Wilf akabaki kutangaza washindi wa bahati nasibu kwenye klabu ya wafanyakazi, kwao Oldham.

Ndipo simu ilipolia. "Njoo, Wilf," Denny alisema. "Nimekwama huku. Wanakuhitaji." Hakusema wanakuhitaji kwa lipi, na Wilf hakuuliza, maana mwenye njaa hakagui sahani. Klabuni wakamfanyia sherehe ya pai za nyama na njegere. Crabtree, mwenyekiti wa klabu, alipanda juu ya kiti na glasi ya bia. "Ogden, ukishakuwa nyota usijifanye hutujui. Deni lako la bia tunalo ukutani." Wilf alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku hizo alikuwa na furaha, masikini.

"Kimya!" mtu alipaza sauti, na banda zima likanyamaza.

Ukimya huo ndio uliokuwa ukimuua Denny. Kwao Uingereza, studio ilijaa watu, na Denny aliishi kwa vicheko vyao: anasema, anangoja, anawapima, anaendelea. Huku kamera ikianza kuzunguka hata kukohoa ni kosa. Denny alikuwa akitoa kichekesho, kinaanguka sakafuni, naye anasimama palepale kukisubiri kicheko ambacho hakiruhusiwi kuja. Siku moja mwongozaji, Bwana Kessler, alimuuliza mbele ya watu wote, "Unangoja nini, Denny? Unangoja basi la abiria?"

Sasa Denny alisimama mbele ya meza ya forodha, kakumbatia sanduku la safari lililofungwa kwa kamba. Alipomwona Wilf pale chini, mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Wilf akakaza uso. Taya lilijifunga, nyusi zikapanda, na macho yakawa ya karani ambaye chai yake inapoa. Uso ule hakuusoma kwenye karatasi.

"Ndani ya sanduku kuna nini?"

Denny alimtazama. Akalitazama sanduku. Akamtazama tena Wilf, na Wilf akaacha pua yake ipanuke kidogo, polepole, kama zamani. Denny akaukunja mdomo.

"Unauliza kwa sababu umesikia kitu?"

Fundi wa taa alitoa mlio wa ajabu, akajiziba mdomo kwa kofia. Fundi wa sauti akavua vitu vyake masikioni, amejiinamia, anatikisika. Picha ikaharibika. Wakarudia, ikaharibika tena, na safari hii aliyeiharibu ni Kessler mwenyewe.

Walipoipata, Kessler alikuja akifuta macho, akamshika Wilf bega. "Umetuokoa, mzee. Una kipaji. Umewahi kuigiza popote?"

Wilf alimgeukia Denny. Lilikuwa jambo la sentensi moja tu. Denny alikuwa akizikagua kamba za sanduku, fundo moja baada ya jingine.

"Kidogo," Wilf akajibu.

Baadaye, kwenye gari la kubadilishia nguo, Denny alimmiminia chai. "Usinitazame hivyo, Wilf. Niliwaomba. Wanasema sura yako huku haijulikani."

"Na yako je?"

"Ndiyo maana siwezi kuwabana. Mimi mwenyewe nimeshikilia unyasi. Magazeti ya kwetu yanaomba nianguke, unajua? Yataandika, tuliwaambia, wa kwetu wakienda kule wanachuja."

"Ungemwambia yule bwana jina langu tu."

Denny alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Nikimwambia nusu ya kinachochekesha ni wewe, atajiuliza ananilipa mimi ya nini."

Hapo Wilf alimchukia. Alimchukia vibaya zaidi kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

Alirudi Oldham na zawadi za machungwa. Mavis, mke wake, alifungua sanduku jikoni ili afue. Miaka yote ya televisheni alikuwa akisugua kola za mashati yake kwa sabuni ya kipande, akilaani poda ya waigizaji isiyotoka. Aliinua shati lile, akaitazama kola. Ilikuwa nyeupe kama alivyoikunja. Akaitia majini hivyohivyo, akaisugua kama kawaida. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Klabuni walimvamia. "Umetokea sana?" Crabtree aliuliza. "Kiasi," alisema Wilf. Alikusudia kusema kweli wiki ile, kisha iliyofuata, na miezi ikapita bado anakusudia. Kisha filamu ikafika mjini.

Klabu nzima ilikuja. Walijaza safu mbili, wamevaa nguo za kanisani, wanapitishiana peremende, na Wilf alikalishwa katikati kama bwana harusi, Mavis kando yake. Alitamani umeme ukatike.

Filamu ilianza, nayo ilikuwa mbaya. Denny alikimbia, alianguka, alitoa macho, na jumba likanyamaza kama kanisa Jumatatu.

"Wamemharibu," mzee mmoja alinong'ona nyuma. "Nilisema mimi. Kule hawajui kucheka, wanajua kulipua magari tu."

"Nyamaza, Ogden bado hajatokea," Crabtree akamkemea. "Subirini atokee."

Ikaja forodha. Akatokea ofisa, Mmarekani mwenye kidevu kizuri, akauliza kuna nini ndani ya sanduku. Crabtree alisogea mbele ya kiti kumtafuta Wilf nyuma ya mabega ya yule bwana. Picha ikamgeukia Denny. Uso wake ukajaa ukuta wote, na macho yake hayakwenda kwa mwenye kidevu. Yalishuka chini kidogo, yakatulia hapo, yakangoja. Mdomo ukakunjika.

Jumba likalipuka. Kwa mara ya kwanza usiku ule watu walicheka kwa tumbo, wanapiga viti, wanashikana.

"Sasa mbona anatazama chini?" Crabtree aliuliza akijifuta machozi. "Kadondosha nini?"

"Anamtazama mume wangu," alisema Mavis.

"Yuko wapi? Simwoni." Crabtree aliinuka nusu, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, na safu nzima ikainuka pamoja naye, wote wanamtafuta Wilf ukutani. Mavis aliutafuta mkono wa mumewe, akaushika. Denny, mkubwa kama nyumba, aliendelea kumtazama. Na Wilf, kwenye giza lile lililojaa vicheko, alikuwa amefunga taya na kupandisha nyusi, amekaza uso kwa mazoea, ili mwenzake asikose pa kutazama.